Maji ya Kukolopa ya Yaya Albertine

Watu wa Lubumbashi tuna ugonjwa wa karo, vile vigae vya kung'aa vya sakafuni, na mtu asinibishie. Mtoto akipata kidogo huko Kasumbalesa au kwenye migodi, hawazi kitanda cha mama wala dawa ya baba, anawaza karo. Sakafu ya zamani ifunikwe, ing'ae, majirani wapite mlangoni waone, waseme mtoto wa fulani amefika. Mzee asiye na karo anaonekana kama hakuzaa. Mimi Nkandu, muuza samaki wakavu katika soko la Kenya, hapa komini ya Kenya, sehemu ya mji wetu wa Lubumbashi, si ile nchi, naongea haya kwa hasira, na hasira yangu inatoka katika nyumba ya jirani yangu, yaya Albertine.

Namwita yaya kwa sababu ni mkubwa wangu kwa umri, damu haituunganishi. Kinachotuunganisha ni ukuta mfupi wa matofali kati ya parsele yangu na yake, ukuta ambao tumepitishiana juu yake chumvi, makala ya moto, watoto wanaolia na habari za mji mzima. Bwana wake alikuwa Papa Donat. Ukoo wake ulitoka Mitwaba, kaskazini, naye alifanya kazi katika karakana za reli mpaka wakampumzisha. Kila asubuhi nikitoka na beseni langu la samaki, Papa Donat alikuwa akiziba pua na kuuliza kama sisi Wabemba tumeagizwa na nani kuharibu hewa ya Kenya. Nami namjibu kwamba watu wa Mitwaba hawajui samaki, wanajua panya tu. Ndivyo tulivyosalimiana miaka yote, na siku tusipotaniana tulijua mmoja wetu anaumwa.

Nyumba yao ilikuwa na sakafu ya simenti nyekundu. Papa Donat aliimwaga mwenyewe mwaka ule walipopata mtoto wao wa kwanza, Christiane. Alichanganya unga mwekundu katika tabaka la juu, akailainisha kwa mwiko akiwa amepiga magoti, na Albertine akiwa mlangoni na mtoto mgongoni anamwonyesha pale palipobaki na mawimbi. Sakafu hiyo haikupata ufa hata mmoja. Sakafu za watu wengine zilipasuka, yangu ikiwemo, lakini ile ilikaa.

Shida ilikuwa kifua chake. Vumbi la karakana lilikuwa limekaa ndani yake kama mpangaji asiyetaka kuhama. Sirazi ya mkebe, ile nyekundu ambayo wanawake wote tulikuwa tunapaka chini, ina harufu ya mafuta ya taa, na akiisikia tu kifua kinafunga. Maji ya javeli, ile dawa kali ya kutoa madoa, ndiyo mabaya zaidi. Siku moja yalimkohoza mpaka midomo ikageuka rangi. Albertine, mke kijana wakati ule, akamwaga javeli yote shimoni na kuanza kutafuta maji yake mwenyewe ya kukolopa, maji ambayo bwana wake angeweza kuyavuta puani bila kufa.

Nitasema alivyoyatengeneza, maana nimeyaona mara nyingi kuliko nilivyoona sinema. Alikusanya majivu ya mbabula, lile jiko letu la moto, majivu meupe ya makala, akayachekecha kwa kipande cha chandarua cha zamani ili vibonge na misumari ibaki juu. Akayatia ndani ya mkebe aliotoboa chini kwa msumari, na nyasi kavu zimetandikwa ndani. Halafu akamimina maji polepole, kidogo kidogo, bila haraka ya aina yoyote. Yaliyodondoka chini yalikuwa na rangi ya chai ya maskini, na ukiyasugua kati ya vidole yanateleza kama sabuni. Hayo ndiyo yalitoa mafuta ya jikoni na matope ya Januari. Baada ya hapo alisuuza sakafu kwa maji matupu, maana majivu yakikaa yanakausha simenti na ngozi ya miguu.

Kisha yakafuata maji ya pili, na haya ndiyo yaliyofanya watu wasimame barabarani. Majani ya kaliptusi, ile mikaratusi mikubwa ya kando ya njia. Mchaichai kutoka nyuma ya choo. Maganda ya ndimu. Maganda tu. Mama mmoja wa parokia alidhani ni busara kukamulia na maji ya ndimu yenyewe, akabaki na madoa meupe sebuleni kama amemwagiwa uji, maana ndimu inakula simenti. Albertine alichemsha, akafunika, akaacha mpaka yapoe yenyewe, akachuja, akalowesha gunia na kukolopa kutoka ukuta wa nyuma mpaka mlangoni, kila Jumamosi.

Simenti inakunywa. Hilo aliniambia yeye, na ni kweli. Jumamosi baada ya Jumamosi, miaka kwa miaka, ile sakafu nyekundu ilikunywa kaliptusi na mchaichai mpaka harufu ikawa haitoki tena. Hata mwezi wa Septemba, vumbi likiwa limefunika mji na hakuna tone la maji kwenye robine, ukiingia kwa Albertine ulikuta nyumba inanukia. Wenye wivu walisema ni dawa ya kumfunga bwana. Papa Donat aliwajibu kwamba ndiyo, amefungwa, na asifunguliwe.

Basi. Mwaka fulani mvua zilipoanza, nilitoka na beseni langu, Papa Donat akanitazama akasema, kwa adabu kabisa, habari ya asubuhi, mama. Nikangoja tusi. Halikuja. Nikamwita Albertine ukutani, nikamwuliza mzee ana nini, akasema amechoka tu. Nikaamini, kwa sababu yaya si mtu wa kudanganya.

Yaliyokuwa yanatokea ndani aliniambia baadaye, mambo yalipokwisha kuharibika. Papa Donat alikuwa anasahau. Kwanza majina, halafu siku, halafu njia. Alikuwa anatoka kwenda misa ya asubuhi na kuonekana upande wa pili wa soko, amesimama, amevua kofia. Watu wa pikipiki walimfahamu, wakamrudisha. Na kila mara alipofika mlangoni pake alikuwa haijui ile nyumba kwa macho. Aliiangalia kama unavyoangalia duka lililofungwa. Halafu anavua viatu, anatia mguu ndani, anavuta pumzi. Hapo uso wake unafunguka. Anasema, tumefika. Anaita, Albertine! Na akishamwita hivyo, anamjua mpaka kesho yake.

Sasa elewa vizuri yaya alikuwa ameshika nini mkononi. Macho ya bwana wake yalikuwa yamemsahau, masikio pia yalianza kumsahau, na ilibaki pua peke yake. Alipoelewa hivyo akaacha kukolopa Jumamosi tu. Akakolopa Jumatano pia, akakolopa kila siku ambayo mzee alitoka. Alikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, amepiga magoti na gunia, anamshika bwana wake asiondoke. Hakumwambia mtu. Aliona haya kwa niaba yake, na watoto walipopiga simu aliwaambia baba yenu anasahau kidogo, ni uzee. Na kweli, ni mzazi gani anayewapigia watoto simu kuwaeleza habari za maji ya kukolopa?

Christiane, yule mtoto wa kwanza, anaishi Kasumbalesa, mpakani. Anawashughulikia wenye malori kwa mambo ya ushuru, na kazi hiyo imemsaidia. Jubilei ya ndoa ya wazazi wake ilipokaribia, yeye na mdogo wake Gauthier wakapanga jambo. Christiane akaja na gari, akawachukua wazee, akasema waje kwake wapumzike wiki kadhaa kabla ya misa. Albertine hakutaka. Alitafuta sababu zote, kuku, ufunguo, mguu. Lakini utamwambiaje mtoto anayekubembeleza kwamba unaogopa kuitoa pua ya baba yake ndani ya nyumba? Akaenda, akabeba na fungu la kaliptusi katika mfuko.

Gari halijafika hata njia kubwa, fundi mmoja wa karo, Merdi, akaingia na vijana wake. Nilisikia nyundo. Nikachungulia ukutani, nikaona wanatoboatoboa ile simenti nyekundu kwa patasi, chumba hata chumba, wanaijeruhi ili udongo wa simenti wa kubandikia karo ushike vizuri. Mayo wee! Nilimtukana Merdi matusi ambayo nilikuwa nimeyatunza kwa ajili ya Papa Donat. Gauthier akatoka anacheka, akaniambia nishushe sauti, ni sirprizi ya jubilei, wazee wasijue. Nilimwambia ile sakafu ni kazi ya mikono ya baba yake. Akasema, ndiyo sababu, mama Nkandu, tunataka tumpumzishe na vya zamani. Niliumia kwa ajili ya sakafu tu, kwa sababu hilo ndilo nililolijua.

Huko Kasumbalesa mzee hakutulia. Kila siku alimwomba Albertine warudi nyumbani, na yaya alimwambia vumilia, tutarudi, ukifika kwako utapona. Alimpa majani ya kaliptusi ayanuse, akanusa, akauliza tutaondoka saa ngapi. Alipanga mfuko wake na kuupangua. Yaya naye alikuwa anahesabu siku, maana alijua kitakachotokea mlangoni: atavua viatu, atavuta pumzi, atamwita jina.

Siku waliyorudi, mtaa wote ulikuwepo. Wamama wa parokia walivaa sare, vigelegele vilianza gari likiwa kona. Christiane alikuwa amenunua viatu vipya vya baba na kanga nzito ya mama. Akawaongoza wazee mpaka mlangoni, akaufungua kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa kweupe. Karo toka ukuta mpaka ukuta, unajiona uso ndani yake. Na harufu iliyotoka ilikuwa ya dawa ya dukani, ya chupa ya plastiki, harufu ya maua ambayo mimi sijawahi kuyaona yameota mahali popote.

Papa Donat akavua viatu vyake vipya. Akatia mguu ndani. Akavuta pumzi, akakohoa. Akautoa mguu nje.

Akasema, "Hodi."

Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Walidhani mzee anatania, eti nyumba imekuwa nzuri mpaka mwenyewe anabisha hodi. Hata padri alicheka. Mimi nilicheka pia, naapa, nilicheka kwa sauti kuliko wote, kwa sababu nilifikiri utani wake umerudi. Halafu nikamwona Albertine. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeletewa habari ya kifo.

Mzee akageuka kwake, akamwambia polepole, "Mama, hapa haiko kwetu. Tulipotea njia."

Alikaribishwa, akaingia, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, ukingoni, kofia juu ya magoti. Alikula alichopewa, akasema aksanti kwa kila kijiko. Watu walipoondoka, jua likiwa bado halijatua, akasimama, akampa Albertine mkono kama anavyopewa mwenye nyumba, akasema chakula kilikuwa kizuri, lakini sasa arudi kwa mke, bibi yake iko anamungojea na hapendi achelewe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Papa Donat alikuwa mgeni kwake kutoka siku ile mpaka mwisho, na jembe hakuliomba. Kila asubuhi aliuliza ruhusa ya kunawa. Kila jioni aliaga. Albertine alikuwa anamshika mkono, wanatoka, wanazunguka mitaa miwili mitatu, wanarudi mpaka mlango uleule, na anasema tena hodi. Hakuwa na hasira, hakumtukana mtu. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Adabu ile ndiyo iliyomchoma yaya, kwa sababu adabu hiyo unampa mtu usiyemjua.

Bila shaka alijaribu. Kesho yake tu, mchana, nilimwona anachekecha majivu, analia, machozi yanadondoka ndani ya majivu. Hapo ndipo aliponieleza yote, pale ukutani, na mimi nikashika kichwa. Akachemsha kaliptusi sufuria mbili, akamwaga karibu bila kuchuja. Karo ziling'aa vizuri sana. Kwa muda mdogo chumba kilinukia, na mzee kwenye kiti chake akainua kichwa. Yaya akabaki amepiga magoti, gunia mkononi, hapumui. Lakini karo hainywi. Maji yakakauka juu yake, upepo ukaingia mlangoni ukabeba harufu, na kichwa cha mzee kikarudi chini. Akakolopa tena. Akakolopa mpaka magoti yakavimba, na ilikuwa ni kama kuosha sahani.

Christiane aliporudi Jumapili, nilikuwa nimemwandalia maneno. Nilikuwa nimefunga kanga kiunoni kabisa. Nikamkuta amekaa chini kwenye zile karo zake, ameegemea kiti cha baba yake, analia kama mtoto aliyepigwa, maana mzee alikuwa ametoka kumwuliza yeye ni binti wa nani. Kanga ya kiunoni nikaifungua. Nilijaribu kumchukia, sikuweza. Alikuwa amewapa wazazi wake kile ambacho mji huu unasema mtoto mwema anapaswa kutoa.

Akamwita Merdi, akamwambia ang'oe zote. Merdi akang'oa moja kwanza, pembeni ya chumba cha kulala, ili waone. Chini yake kulikuwa na udongo wa kijivu, na chini ya huo vipande vyekundu vilivyochimbwachimbwa, vimevunjika kama maganda ya mayai. Albertine akainama, akaokota kimoja, akakinusa. Akampa Christiane anuse. Kilinukia simenti mpya tu. Yaya akasema waache, wasiongeze vumbi kwenye kifua cha baba.

Tukabaki na jiko la nje. Mzee alikubali kukaa huko, karibu na mbabula, kwa sababu nje haihitaji hodi. Yaya alikuwa anachemsha majani yake karibu naye, ingawa kukolopa kulikuwa hakuna maana tena. Alichemsha ili amkalishe ndani ya mvuke ule. Kiangazi kilipoanza na baridi ya Juni ikaingia, kifua chake kikaanza kupiga filimbi. Alasiri moja nilikuwa nimeketi nao, nachambua mchaichai. Albertine alikuwa ametoka kuchuja maji, mikono yake imelowa mpaka kwenye viwiko, akamwinamia kumfunga sweta. Papa Donat akaushika mkono wake, akauleta puani, akakaa nao hapo.

"Mama," akasema, "uko unanukia kama kwetu. Unamujua bibi yangu?"

Nilitaka nimjibu mimi, nipige kelele kwamba ndiye huyu, mzee, ndiye huyu umemshika! Yaya akanikataza kwa macho.

"Ninamujua," akasema.

"Basi umuambie asifunge mulango. Umuambie niko mu njia."

"Nitamuambia, papa."

Akatabasamu, akamwachia mkono wake vizuri, kwa heshima, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa. Hakusema jambo lingine la maana baada ya hapo. Alikufa wiki ile, kitandani, chumba kile chenye karo moja iliyong'olewa, mfuko wake wa safari umepangwa chini ya kitanda. Kilio kilijaa watu mpaka barabarani. Wageni kutoka Mitwaba na Kasumbalesa waliingia, wakaangalia chini, wakasema kwa sauti ya kusifu kwamba mzee amekufa katika nyumba nzuri. Christiane alisikia, akatoka nje.

Baada ya maziko, wamama wa parokia walikuja kuosha nyumba kama desturi. Mmoja alikuwa na chupa ya dukani mkononi. Christiane akaichukua, akaiweka kando bila ugomvi, akaenda kwenye mbabula, akaanza kuchekecha majivu. Hakujua, vumbi lote lilimwingia machoni. Albertine akaketi karibu yake, akamwonyesha namna ya kushika chandarua.

Sasa ni mwaka mwingine. Kila Jumamosi yaya anakolopa zile karo kwa maji ya majivu, anasuuza, anarudia kwa kaliptusi na mchaichai, kutoka ukuta wa nyuma mpaka mlangoni, halafu anauacha mlango wazi. Vumbi linaingia, kuku wanaingia, kazi yote inaharibika kabla ya chakula cha mchana. Mimi na mdomo wangu nikamwuliza Jumamosi iliyopita kwa nini anajitesa, karo hazinywi, na afunge basi angalau mlango. Alikuwa anakamua gunia. Hakuinua hata kichwa.

"Alisema nisifunge," akaniambia.